Shahada ya sayansi Mlimani: miaka 60 ya deni la walimu

Kitivo cha Sayansi cha Dar es Salaam kilianza kufundisha mwaka 1965, na kilikuwa cha tatu kuzaliwa chuoni hapo. Sheria ilikitangulia kwa miaka minne. Darasa la sheria lilifunguliwa Oktoba 25, 1961, wiki sita na ushei kabla ya Uhuru, ndani ya jengo la chama cha TANU katika mtaa unaoitwa leo Lumumba. Liliweza kuanzia hapo kwa sababu mwanafunzi wa sheria anahitaji kiti, mwalimu na vitabu. Mwanafunzi wa kemia anahitaji gesi, maji ya bomba, sinki, mizani na fundi sanifu wa kuandaa kemikali kabla ya kipindi. Ilibidi sayansi isubiri chuo kihamie kilimani, mahali panapoitwa leo Mlimani, mwaka 1964.

Tangu hapo kitivo hicho, ambacho leo ni ndaki, kimebeba mizigo miwili: kutoa wanasayansi, na kutoa walimu wa sayansi. Mzigo wa pili ndio unaoeleza sehemu kubwa ya historia yake. Chuo hakipati wanafunzi wa fizikia bila sekondari zenye walimu wa fizikia, na walimu hao hutoka vyuoni. Mzunguko huo ulianza ukiwa na watu wachache mno, na miaka 60 baadaye bado hauwatoshi watoto waliopo madarasani.

Cheti kutoka London

Shahada ya kwanza ya sayansi yenyewe si kongwe sana. Chuo Kikuu cha London ndicho kilichoanza kuitoa, mwaka 1860. Kabla ya hapo kijana wa Uingereza aliyezama katika kemia aliondoka chuoni na shahada ya sanaa, sawa na mwenzake aliyesoma Kilatini. London ilikuwa pia imekwisha kufungua mitihani yake, mwaka 1858, kwa watu waliosomea nje ya vyuo vyake, na kwa njia hiyo vyeti vyake vikasambaa hadi katika makoloni.

Afrika Mashariki shahada hiyo iliota mizizi Makerere. Shule ya ufundi iliyoanza mwaka 1922 na vijana 14, wakifundishwa useremala, ujenzi na umakanika, ilipandishwa mwaka 1949 kuwa chuo kikuu kishiriki chenye uhusiano maalumu na London. Silabasi na mitihani vilipangwa kwa makubaliano ya pande zote mbili, na shahada ikatolewa kwa jina la London.

Wengi waliotaka kufika mbali zaidi walisafiri. Thomas Odhiambo wa Kenya alipitia Makerere, kisha akaenda Cambridge kusomea wadudu. Mwaka 1970 alianzisha jijini Nairobi kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, ambacho hadi leo kinafanya kazi na wakulima wa ukanda huu. Wangari Maathai, Mkenya mwenzake, alipita njia nyingine. Alikuwa miongoni mwa vijana waliopelekwa Marekani mwaka 1960 kwa mpango wa mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya na wenzake, akapata shahada ya biolojia katika chuo cha Mount St. Scholastica, Kansas, mwaka 1964. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Nairobi kilimpa uzamivu, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kuufikia.

Juni 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na Mwalimu Julius Nyerere akawa mkuu wake. Masomo ya gharama kubwa yaligawanywa: udaktari Makerere, uhandisi Nairobi. Dar es Salaam ilikuwa na sheria. Lakini fizikia, kemia, hisabati na elimu ya viumbe hazikuweza kuachiwa nchi moja, kwa kuwa kila nchi ilihitaji walimu wake, na kwa wingi.

Walimu kwanza

Nyerere alipenda kukumbusha kwamba Waingereza walipoondoka Tanganyika waliacha wahandisi wawili na madaktari 12. Alizungumza kama mtu aliyeijua sekondari kutokea ndani, kwa sababu kabla ya siasa alifundisha biolojia katika shule ya St. Mary's, Tabora.

Mwaka uleule sayansi ilipoanza Mlimani, uongozi wa chuo ulitoka kwa Cranford Pratt, Mkanada, ukaenda kwa Wilbert Chagula, daktari wa tiba na Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Chuo kilichoongozwa na mtu wa sayansi kilihitajika kuzijaza sekondari walimu kwanza. Ndiyo maana shahada ya sayansi pamoja na ualimu ilipata uzito tangu miaka ya mwanzo. Mwanafunzi husoma masomo mawili ya kufundishia, kwa mfano fizikia na hisabati, au kemia na biolojia, akachanganya na saikolojia na mbinu za kufundisha, kisha akapelekwa shuleni kwa mazoezi ambayo kila mwanafunzi wa ualimu anayaita TP.

Ratiba ya mwanafunzi wa sayansi haijabadilika sana tangu enzi hizo. Asubuhi ni mihadhara. Mchana, wakati wenzake wa sanaa wako maktaba au wamepumzika, yeye amevaa koti jeupe yuko kwenye praktiko kwa saa kadhaa, na baada yake kuna ripoti ya kuandika. Aliyetoka sekondari isiyo na maabara hukutana na bureti na hadubini katika muhula wa kwanza, huku wenzake wakiwa wamezizoea tangu kidato cha tatu. Pengo hilo huonekana mapema katika matokeo, kwa wanaorudia mitihani (sapu) na kwa wanaoondolewa masomoni (disko).

Habari za Mlimani ya miaka ya 1960 na 1970 husimuliwa zaidi kupitia mijadala ya siasa na historia: mwanahistoria Walter Rodney na kitabu chake cha mwaka 1972 juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, mwanasheria Issa Shivji na wenzake, mabishano ya usiku kucha juu ya ujamaa. Sifa hiyo wanaistahili. Lakini wakati huohuo, katika majengo ya jirani, kulikuwa na watu wengine waliojenga nchi kwa kupima, kupasua na kuhesabu, na majina yao hayatajwi mara nyingi.

Swali la Erasto Mpemba

Kisa kimoja kinaonyesha vizuri jinsi chuo na sekondari zilivyotegemeana. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye friji. Nafasi ndani ya friji ilikuwa ikigombewa. Mpemba hakusubiri, akaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Aliporudi akakuta yameganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyowekwa bila kuchemshwa.

Alimuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipokwenda kidato cha tano Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na swali lake likageuzwa utani: hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Kisha mhadhiri wa fizikia kutoka chuo cha Dar es Salaam, Denis Osborne, akaja Mkwawa kutoa mhadhara. Mpemba alisimama akauliza mbele ya shule nzima, na wenzake wakacheka.

Osborne hakuwa na jibu, lakini hakulitupa swali. Aliporudi Dar es Salaam alimpa fundi sanifu wa maabara kazi ya kulijaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto yameganda kwanza, akaongeza kuwa wataendelea kurudia mpaka wapate matokeo sahihi. Majaribio yaliyofuata yalileta jibu lilelile. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala kwa pamoja katika jarida la *Physics Education* la Uingereza. Wakati huo Mpemba alikuwa anasoma usimamizi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi, na maisha yake ya kazi yakawa huko. Jina lake limebaki katika fizikia ya dunia nzima, ambako wanasayansi wangali wanabishana juu ya sababu za tukio hilo, na hata juu ya lini hasa linatokea.

Inafaa kuangalia kilichowezesha kisa hiki. Kulikuwa na sekondari yenye friji, mhadhiri aliyesafiri hadi Iringa kuzungumza na vijana wa kidato cha tano na sita, na maabara ya chuo yenye fundi na muda wa kujaribu wazo la mwanafunzi asiyejulikana. Kingekosekana kimoja, swali lingeishia kwenye kicheko cha darasa.

Kutoka botania hadi Paje

Mfano wa pili unaonekana wazi zaidi kwa wakazi wa pwani. Keto Mshigeni alisoma Mlimani katika miaka ya 1960, akaenda Chuo Kikuu cha Hawaii kwa uzamivu, akarudi kufundisha botania Dar es Salaam. Huko Hawaii ndiko alikofanya kazi Maxwell Doty, mtaalamu aliyesaidia kuanzisha kilimo cha mwani Ufilipino. Mwani wa Afrika Mashariki ulikuwa ukiokotwa ufukweni na kuuzwa nje kwa miaka mingi, na biashara hiyo ilikuwa imedorora. Mshigeni alichunguza mwani wa mwambao huu na kutetea wazo kwamba unaweza kupandwa.

Mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza Zanzibar, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Wanawake ndio walioshika kazi hiyo kwa wingi, wakifunga mbegu kwenye kamba zinazoshikiliwa na vijiti katika maji mafupi, na kwa wengi wao ilikuwa mara ya kwanza kuwa na kipato chao wenyewe. Maji ya bahari yalipopata joto na mwani wenye bei nzuri kuanza kufa, watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Unguja, akiwamo Flower Msuya, walijaribu pamoja na wakulima njia za kupanda kwenye maji ya kina zaidi, na kuutengeneza mwani kuwa sabuni na bidhaa nyingine.

Masharti, mikopo na bumu

Julai 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa, na Dar es Salaam ikawa na chuo kikuu chake chenye kutoa shahada zake. Miaka minne baadaye likaja Azimio la Musoma. Kuanzia hapo, aliyemaliza kidato cha sita na Jeshi la Kujenga Taifa alipaswa kufanya kazi kwanza kwa muda usiopungua miaka miwili, na kupata pendekezo, kabla ya kuomba chuo. Lengo lilikuwa kupata wasomi wanaowajua wananchi. Sayansi na uhandisi ziliumia, kwa sababu mtu aliyekaa miaka miwili mbali na hisabati hurudi kwa shida, na waombaji wakapungua. Masharti yakaanza kulegezwa kwa wasichana, na kwa waombaji wa masomo hayo yenye uhaba.

Wasichana walibaki wachache. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mlimani ilianzisha mafunzo maalumu ya awali kwa wasichana waliokaribia alama za kuingia sayansi, ili wajinoe kabla ya kudahiliwa. Mpango huo ulikiri kwamba wengi wao walikuwa wametoka shule zisizowapa nafasi sawa.

Sera ya kuchangia gharama ilianza katika miaka ya 1990, kisha Bodi ya Mikopo ikaundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Tangu hapo maisha ya mwanafunzi wa sayansi, kama wengine wote, huzunguka siku bumu, yaani fedha ya kujikimu, linapoingia. Serikali imeendelea kuzipa kipaumbele fani za sayansi, na tangu mwaka 2022 ufadhili uliopewa jina la Rais Samia umekuwa ukiwalipia masomo wanaofanya vizuri zaidi katika tahasusi za sayansi.

Maabara bila mwalimu

Mpango wa sekondari ulioanza mwaka 2004 ulileta shule za kata karibu kila mahali. Watoto waliingia kwa wingi, walimu wa sayansi hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata ijenge maabara tatu, na wananchi wakachangishwa. Majengo yalisimama. Katika shule nyingi kilichokosekana baadaye ni vifaa, kemikali na mtu wa kufundisha humo.

Serikali ilijaribu njia ya mkato kupitia stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi katika Chuo Kikuu cha Dodoma. Mei 2016 zaidi ya wanafunzi 7,000 wa stashahada hiyo waliamriwa kuondoka chuoni, na wenye sifa wakahamishiwa baadaye katika vyuo vya ualimu. Vijana hao walilipa gharama ya haraka ya wakubwa wao.

Leo mahitaji yanaongezeka. Sera ya elimu, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi, msingi miaka sita na sekondari ya chini miaka minne. Katika mpito huo madarasa mawili yatamaliza msingi kwa pamoja na kugonga mlango wa sekondari. Wakati huohuo wahitimu wa shahada ya sayansi na ualimu, ambao zamani walipangiwa vituo mara tu walipomaliza, sasa huomba ajira na kufanyiwa usaili, na wengine hukaa miaka wakiuza duka au kufundisha tuisheni huku shule za vijijini zikiwa na mwalimu mmoja wa fizikia kwa vidato vyote vinne. Fedha za mikopo zilizowasomesha zimekwisha kutumika. Hatua iliyobaki ni nafasi za ajira kwenye bajeti, na inapaswa kuchukuliwa kabla watoto hao hawajafika kidato cha kwanza.