Gugu la Kando ya Njia

Sisi wakulima na watoto wa wakulima tunaijua kazi ya jembe: kuacha mche na kung'oa gugu. Lakini historia ya gugu moja la Ulaya inatufundisha tusiwe wepesi wa kusema kitu fulani hakina kazi.

Gugu hilo ni la jamii ya kabichi na haradali. Huota kando ya njia na kwenye kuta kuukuu, na maua yake meupe ni madogo mno. Katika karne ya 16, Johannes Thal, tabibu wa mji wa Nordhausen huko Ujerumani, alichunguza mimea ya milima ya Harz, na gugu hili nalo akalitia kitabuni. Alifariki 1583, kitabu kikachapishwa 1588. Baadaye wataalamu wakaliita Arabidopsis thaliana kwa kumkumbuka.

Zaidi ya miaka 300 ilipita. Mwaka 1907 Mjerumani mwingine, Friedrich Laibach, aligundua kwamba lina jozi tano tu za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi wa kiumbe. Mwaka 1943 alishauri litumike kuchunguza urithi wa mimea. Sifa zilizolifaa kazi hiyo ni zile zile za gugu: ni dogo, hivyo miche mingi hutosha mahali padogo, hukua upesi, toka mbegu hadi mbegu kwa wiki chache, nalo huzaa mbegu maelfu.

Mwaka 2000 likawa mmea wa kwanza duniani kusomwa jeni zake zote, likitangulia ngano, mahindi na mpunga. Kupitia gugu hili watu wamejifunza jinsi mimea inavyotambua majira ya kuchanua na inavyopigana na magonjwa. Mwaka 2022 ilitangazwa kuwa mbegu zake zimeota hata katika udongo ulioletwa kutoka mwezini.

Ndugu wapendwa, gugu hili halikungoja kuwa mwembe ndipo lifae. Udogo wake ndio uliokuwa karama yake. Katika ushirika wetu wapo tunaowapita mlangoni kila Jumapili: mama asiyejua kusoma, mzee asiye na cha kutoa, kijana asiye na ajira. Tunawaombea wainuliwe, kisha tunangoja wainuke ndipo tuwape huduma. Thal alilipa gugu nafasi kitabuni mwake likiwa bado gugu. Nasi tuwape hawa nafasi leo, wakiwa hivyo walivyo.