Udhibiti wa viuadudu vya afya ya jamii
Udhibiti wa viuadudu vya afya ya jamii ni mfumo wa sheria, majaribio na ukaguzi unaoamua ni dawa zipi za kuua wadudu waenezao magonjwa, kama mbu na mbung'o, zinazoruhusiwa kuuzwa na kutumiwa, na kwa kipimo gani. Historia yake imefungamana na DDT, ambayo uwezo wake wa kuua wadudu uligunduliwa na Mswisi Paul Müller mwaka 1939. Kwa kuwa sumu hiyo hudumu katika mazingira na hudhuru ndege, Marekani ilipiga marufuku sehemu kubwa ya matumizi yake mwaka 1972. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 unairuhusu kwa kudhibiti waenezaji wa magonjwa tu, pale ambapo nchi haina mbadala salama, wenye nguvu na wa bei nafuu.

Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani (WHO) hutathmini viuadudu vya afya ya jamii kabla ya ununuzi wa kimataifa. Nchini Tanzania, usajili wake ni jukumu la Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020.

Tatizo zito zaidi ni usugu wa wadudu dhidi ya viuadudu, unaochochewa pia na dawa za mashambani. Katika kipimo cha WHO, mbu huhesabiwa kuwa sugu ikiwa wanaokufa ni chini ya asilimia 90. Majaribio ya Misungwi, mkoani Mwanza, yalionyesha kwamba vyandarua vyenye viuadudu viwili, pairethroidi na klofenapiri, huwakinga watoto dhidi ya malaria vizuri zaidi kuliko vya pairethroidi pekee. WHO ilivipendekeza Machi 2023.