Marejesho ya VAT kwa Anayejijengea

Mtu akisema "najenga", hakuna anayemuuliza kama ndiye anayekoroga zege. Kujenga kwetu ni kutafuta kiwanja, kununua saruji na nondo, kumlipa fundi na kusimama juani ukimwangalia anavyopandisha kozi. Neno kujijengea linaongeza jambo moja tu: nyumba ni yako, si ya biashara. Ndiyo maana ninaona Kiswahili kina bahati na istilahi hii, ambayo kwa Kiingereza imewachanganya wengi.

Uingereza ina utaratibu unaomruhusu mtu anayejijengea nyumba ya kuishi arudishiwe VAT aliyolipa kwenye vifaa vya ujenzi. Umewekwa katika kifungu cha 35 cha Sheria ya VAT ya mwaka 1994, na kifungu hicho kinataja wazi bidhaa zilizonunuliwa nchini na zilizoingizwa kutoka nje. Jina la Kiingereza lenyewe linasisitiza kujifanyia kazi kwa mikono, na wapo wanaoacha haki yao wakidhani aliyeajiri mafundi hahusiki. Anahusika. Anaweza kuwapa mafundi kazi yote, mradi nyumba si ya kuuza wala ya kupangisha. "Anayejijengea" linasema hivyo hivyo, bila kuhitaji maelezo ya pembeni.

Ugumu unaanza kwenye jina la kodi. Wengine huiita kodi ya mauzo. Kodi ya mauzo ilikuwapo kweli: Kenya iliiacha mwaka 1990 na Tanzania mwaka 1998, zote zikahamia VAT, ambayo Tanzania tunaiandika Kodi ya Ongezeko la Thamani na ambayo Kenya huitwa pia ushuru wa ziada ya thamani. Uingereza iliianzisha VAT tarehe 1 Aprili 1973, na kiwango chake cha kawaida kimekuwa asilimia 20 tangu Januari 2011. Kuiita kodi ya mauzo kunapotosha hasa kwa bidhaa zinazotoka nje. Ukinunua vigae Uturuki ukavipeleka Leeds, muuzaji wa Uturuki hakudai VAT ya Uingereza. Kodi inadaiwa kwa sababu mzigo umeingia nchini, na anayeidai ni forodha. Anayekwenda kutafuta kodi hiyo kwenye ankara ya muuzaji hataiona, na atadhani hakuna cha kudai.

Neno ushuru nalo linataka uangalifu. Mkenya huliita ushuru karibu kila tozo la serikali. Mtanzania akisikia ushuru hufikiria zaidi forodha, au kile kinachokusanywa sokoni. Katika suala hili tofauti hiyo ina thamani ya fedha, kwa kuwa VAT ya uingizaji hurejeshwa, lakini ushuru wa forodha haurejeshwi kwa njia hii.

Tuchukue hesabu ya mfano. Vigae vimenunuliwa kwa pauni 5,000, usafiri ni pauni 400, na tuseme ushuru wa forodha umefika pauni 200. VAT haipigwi kwenye bei ya vigae peke yake. Hupigwa kwenye jumla, yaani pauni 5,600, na asilimia 20 yake ni pauni 1,120. Mwenye nyumba anatoa pauni 1,320 kwa serikali ili mzigo uachiwe. Baadaye atadai zile 1,120. Zile 200 zimekwenda, na ada ambayo wakala wa forodha au kampuni ya usafirishaji imemtoza kwa kushughulikia mzigo imekwenda pia. Kampuni nyingi huandika kodi na ada yao kwenye karatasi moja, kwa hiyo ni lazima kuzitenganisha kabla ya kujaza dai.

Sasa neno lenyewe, marejesho. Linatokana na rejea, likapita kwenye rejesha, na anayelipwa ndiye anayerejeshewa. Kwenye vikoba marejesho ni ile pesa ya mkopo ambayo mwanachama anairudisha kila wiki, kwa hiyo msikilizaji anaweza kudhani ni yeye anayetakiwa kulipa. Hata hivyo sitalikwepa, kwa kuwa maofisa wa kodi wanalitumia na limeshazoeleka kwa wafanyabiashara. Tiba yake ni kutumia kitenzi palipo na shaka: "kurejeshewa VAT" haina utata.

Ninalolikataa katika kutafsiri jina la utaratibu huu ni neno msamaha. Msamaha wa kodi maana yake ni kwamba kodi haidaiwi tangu mwanzo. Mtu akiambiwa kuna msamaha wa VAT kwa wanaojijengea, ataagiza milango Poland, atapanga bajeti bila ile asilimia 20, na mzigo utakapofika atakuta unazuiwa mpaka alipe. Mfanyabiashara aliyesajiliwa anaweza kuahirisha VAT ya uingizaji mpaka kwenye ritani yake. Mtu binafsi hawezi. Analipa kwanza, anajenga, anamaliza, ndipo anadai. Kati ya kulipa na kurejeshewa inaweza kupita miaka miwili au zaidi, na fedha hiyo lazima itoke mfukoni mwake au kwenye mkopo wake. Neno moja lisilo sahihi linaweza kuusimamisha ujenzi kwenye linta.

Liko pia jambo la kiwango cha sifuri, ambalo ni tofauti na marejesho na pia na msamaha. Mjenzi aliyesajiliwa kwa VAT akijenga nyumba mpya ya kuishi, kazi yake hutozwa asilimia sifuri, pamoja na vifaa anavyovileta na kuvifunga mwenyewe. Akikutoza 20 kwa kukosea, HMRC, yaani mamlaka ya mapato ya huko, haitakurudishia. Itakuambia urudi kwake akusahihishie ankara. Kwa maana hiyo marejesho yanabaki kwa vifaa ulivyovinunua au kuviagiza wewe. Kama mjenzi ndiye aliyeagiza madirisha Ujerumani, hesabu ya VAT ni yake, na wewe unapaswa kuona sifuri.

Vifaa. Hapa Kiswahili chetu kinalegea kidogo. Dukani tunasema vifaa vya ujenzi tukimaanisha saruji, bati, misumari, rangi, na wakati mwingine hata toroli na mwiko. Utaratibu wa Uingereza unakubali kile tu kinachoingia kwenye jengo na kubaki humo: matofali, mbao za paa, milango, mabomba, sinki, vigae, makabati ya jikoni yaliyofungwa. Zana hazimo, zikiwa za kununua au za kukodi, na jukwaa la kukodi halimo. Friji, mashine ya kufulia, zulia, pazia na kochi havimo hata kama vimetoka kwenye kontena moja na vigae. Ada ya mchoraji ramani haimo pia. Kwa hiyo mahali pa kuandika "vifaa vya ujenzi" peke yake, ningeandika "vifaa vinavyofungwa kwenye jengo", angalau mara ya kwanza.

Karatasi ndizo zinazoamua. Dai ni moja tu kwa nyumba nzima, na hupelekwa ujenzi ukishakamilika. Zamani muda ulikuwa miezi mitatu tangu kukamilika. Tangu tarehe 5 Desemba 2023 umekuwa miezi sita, na dai linaweza kupelekwa kwa mtandao. Panatakiwa kibali cha ujenzi, uthibitisho wa kukamilika, ankara, na kwa bidhaa za nje, hati za forodha zinazoonyesha VAT iliyolipwa pamoja na hati za usafirishaji. Tangu tarehe 1 Januari 2021 hata mzigo unaotoka Ufaransa au Italia kwenda England, Scotland au Wales unahesabika kuwa umeingizwa kutoka nje, na unapitia forodha kama ule wa China. Vifurushi vidogo ndivyo tofauti: mzigo usiozidi pauni 135 kwa kawaida hutozwa VAT na muuzaji wakati wa kununua, na ushahidi wa VAT hiyo ni ankara ya muuzaji.

Nyumbani mambo si hivyo. Tanzania na Kenya, anayedai VAT aliyolipa kwenye manunuzi ni mfanyabiashara aliyesajiliwa, anayeikata kwenye VAT aliyokusanya. Anayejijengea Mbagala au Kitengela ni mlaji wa mwisho, na kodi kwenye saruji yake inaishia kwake. Nalitaja hili kwa sababu ndugu walioko Uingereza huuliza wenzao wa huku, na jibu la huku haliwafai. Wapo wanaolipa maelfu ya pauni bandarini na kuyasahau, kwa sababu hawajawahi kuona serikali ikimrudishia kodi mtu asiye na biashara.

Kwa watafsiri, pendekezo langu ni "marejesho ya VAT kwa anayejijengea", na kwa mizigo ya nje "marejesho ya VAT ya uingizaji". Msamaha liachwe kwa msamaha, na ushuru libaki kwa forodha. Kwa anayejenga huko: kabla mzigo haujapakiwa, mwambie wakala aandike jina lako, si lake wala la fundi, mahali pa mwagizaji kwenye hati za forodha, na hati hizo uzitunze mpaka fedha iingie benki.