Dau la Pembeni Kongwa

Kuna jambo moja kwenye poka ambalo wanaoanza huchelewa kulielewa: mtu aliyeweka zote mezani hatishiki. Hana cha kuongeza wala sababu ya kutupa karata. Anasubiri zifunuliwe. Waliobaki wakiendelea kubeti, fedha yao inaingia kwenye dau la pembeni, ambalo yeye hana haki nalo. Sasa tuseme mmebaki wawili, pembeni hapana kitu, na karata zako ni mbovu. Ukipandisha dau ili mwenzako akimbie, huenda akakimbia kweli. Umepata nini? Dau kuu bado unaligombania na yule asiyetishika, na pengine uliyemfukuza ndiye aliyekuwa na karata ya kumshinda. Ndiyo maana wazoefu wakiwa na karata dhaifu hapo hupita tu hadi mwisho.

Nilifundishwa haya hosteli, Dodoma, tukichezea punje za karanga kwa kuwa hela hatukuwa nayo. Mashariki yetu, Kongwa, Waingereza nao walichezea karanga, ila wao walikuja na hazina ya serikali.

Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, alipendekeza karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mashine. Uingereza ilikuwa bado inagawa mafuta ya kula kwa mgawo. John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, akaongoza timu iliyokagua nchi kwa wiki chache, sehemu kubwa kutoka angani. Ripoti yao ilitaka ekari milioni 3.21, nyingi zikiwa Tanganyika. Mwaka wa kwanza, 1947, lengo lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000.

Mwenye kuweka zote hapa ilikuwa ardhi ya Ugogo. Karata zake zilikuwa mbili. Mvua huanza karibu na Desemba, huweza kukata katikati kwa wiki kadhaa, na ikifika Mei imekwisha. Halafu udongo: ule mwekundu wa Kongwa ukikauka unakuwa kama saruji, unakula majembe ya trekta, na karanga hukomaa chini yake. Kulima ni kazi. Kuzing'oa jua likishawaka ni kazi zaidi.

London ilikuwa inacheza pembeni. John Strachey, Waziri wa Chakula, alipandisha dau mbele ya watu wanaoweza kuogopa: Hazina, wapinzani bungeni, wataalamu. Wazo la kuanza na shamba dogo la majaribio ndilo lililotupwa nje, kwa hoja kwamba uhaba wa mafuta hausubiri. Uhaba ulikuwa wa kweli, na Strachey hakuwa mjinga. Lakini jaribio dogo lilikuwa karata pekee iliyoweza kupimana na ardhi ile, na alipokwisha kulifukuza alibaki uso kwa uso na udongo. Yakaletwa matrekta yaliyoundwa kutokana na vifaru vya Sherman, yakiitwa Shervick, na minyororo ya meli ya kung'olea vichaka. Hotuba zikaongezeka, bajeti ikaongezeka. Mvua haisomi magazeti.

Kinachonikera zaidi ni kwamba ujuzi wa kucheza na mvua ile ulikuwa palepale. Njaa ya Mtunya, ya miaka ya mwisho ya Vita ya Kwanza na iliyofuata, iliua Wagogo wanaokadiriwa 30,000. Watu wa nchi hiyo walipanda mtama na uwele, vinavyovumilia ukame, na ng'ombe wao hawakuwaweka zizi moja. Huyu kwa shemeji, wale kwa rafiki wa mbali, ili mvua ikikosa huku, kule wapone. Mgogo hakuweka zote mahali pamoja hata alipokuwa na vingi. Huo nao ni mkakati, tena wa watu waliokwisha kuona karata za mpinzani zikifunuliwa mara nyingi.

Januari 1951 serikali ya Uingereza ilijitoa. Hasara iliyofutwa vitabuni ilikuwa kama pauni milioni 36, zaidi ya makadirio ya mradi mzima ya mwanzo. Sehemu ya eneo lile baadaye ikawa ranchi ya ng'ombe.