Unga wa Betri na Stabilaiza ya Gari

Nilifundisha historia miaka mingi kabla ya kukabidhiwa ofisi ya mkuu wa chuo cha ualimu, na katika muda huo wote sikumbuki kuwaeleza wanachuo hata mara moja habari za betri ya gari. Tulichambua vita, mikataba na tawala zilizoinuka na kuanguka. Betri tuliwaachia mafundi. Leo, nikiwa mzee niliyestaafu, naona afadhali niliandike jambo hili dogo, kwa kuwa liliwahi kunifunua jinsi nilivyo, na sikupendezwa na nilichokiona.

Mwaka 2004 chuo chetu kilikuwa na gari moja tu la kutegemewa, Hilux ya dizeli. Asubuhi za baridi stata yake ilizunguka kwa kusitasita kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Katika duka moja la vipuri mjini niliuziwa kijisanduku cha kuunganisha kwenye betri, chenye nyaya mbili na kitaa cha buluu kilichoonyesha idadi ya volti. Muuzaji alikiita stabilaiza. Alisema kitatuliza umeme wa gari, kitang'arisha taa, kitaongeza nguvu ya cheche za plagi na kupunguza ulaji wa mafuta. Nikatoa shilingi 85,000 za chuo, nikaomba risiti, nikarudi na furaha yangu.

Msomaji asinicheke upesi. Neno stabilaiza tulikuwa tumelizoea majumbani. Umeme ukipanda na kushuka, mwenye friji asiye na stabilaiza hujuta. Basi kama chombo hicho huokoa friji, kwa nini kisiokoe gari? Hoja ilionekana nyoofu. Kosa lake ni kwamba umeme wa nyumbani hutoka mbali, na mwenye nyumba hana uwezo juu yake, lakini gari hujitengenezea umeme wake lenyewe, na kazi ya kuutuliza ilikwisha kufanywa na watu wengine zamani.

Kazi hiyo haikufanyika kwa siku moja. Betri ya risasi na tindikali ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, kabla barabara hazijaona gari la petroli. Magari ya mwanzo yaliwashwa kwa kuzungusha mkono wa chuma, nao uliweza kurudi nyuma kwa ghafla ukamvunja mtu kiwiko. Kampuni ya Cadillac ilipotoa magari yake ya mwaka 1912 yakiwa na stata ya umeme, kazi ya Charles Kettering, ndipo betri ilipokuwa kiungo kisichoepukika. Tangu hapo palihitajika kitu cha kuirudishia umeme wake, na kwa takriban nusu karne kitu hicho kilikuwa dainamo.

Sisi tuliopanda magari ya miaka ya 1960 tunaikumbuka dainamo. Gari likisimama na injini ikinguruma polepole, taa zilififia kama koroboi linaloishiwa mafuta, na dereva akikanyaga mafuta, zilirudi. Kando yake palikuwa na kisanduku cha sumaku na vidole vya chuma, ambacho mafundi walikiita katauti. Kilifungua na kufunga njia ya umeme, na vidole vile viliungua, vikagandana. Hapo mtu angeweza kusema kwa haki kwamba umeme wa gari lake hautulii.

Mwaka 1960 kampuni ya Chrysler iliweka alteneta katika gari lake la Valiant, na kampuni nyingine zikafuata. Alteneta huzalisha umeme wa kutosha hata injini ikiwa inazunguka polepole. Dayodi za silikoni hugeuza umeme huo uende upande mmoja, na kidhibiti cha elektroniki, ambacho baadaye kilifichwa ndani ya alteneta yenyewe, huushikilia karibu na volti 14 iwapo gari ni la volti 12. Mawimbi madogo yanayobaki humezwa na betri. Kwa hiyo gari nililolinunulia stabilaiza lilikuwa nazo mbili tayari tangu kiwandani, alteneta yenye kidhibiti chake na betri yenyewe.

Ndani ya kijisanduku kama kile mna kapasita, vyombo vinavyoweka umeme kidogo na kuutoa haraka. Tuchukulie kwamba zote kwa pamoja zinafikia maikrofaradi 10,000. Kwa volti 14 zitahifadhi nishati ya jouli moja hivi. Betri ya kawaida ya ampea 50 kwa saa huhifadhi zaidi ya jouli milioni mbili. Stata ya gari letu ilihitaji kiasi cha ampea 200 kwa volti 10, yaani jouli 2,000 kila sekunde. Basi akiba yote ya kijisanduku ingeisukuma stata kwa nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ni sawa na kumwongezea mtu kijiko cha maji akiwa amesimama katikati ya ziwa. Nikubali kwamba redio yenye mlio wa alteneta huweza kutulia kidogo, kwa kuwa kuzuia mlio wa namna hiyo ni kazi halisi ya kapasita.

Hesabu hii si yangu. Nilionyeshwa na mkufunzi wetu wa fizikia, kijana mpole aliyekuwa na mwaka wa pili chuoni. Siku ile dereva alipokifunga kijisanduku mbele ya walimu wachache, mimi nikiwa ninaeleza habari za cheche, kijana yule aliuliza kwa adabu, "Samahani Mkuu, injini ya dizeli haina plagi za cheche. Zitaongezwa nguvu zipi?" Dereva aligeuka akatazama mlimani. Mtu mmoja akakohoa. Nami nikakasirika, kwa kuwa alikuwa amesema kweli mbele ya watu.

Baada ya wiki alileta karatasi ya ukurasa mmoja. Alikuwa ameazima mita kutoka maabara akapima umeme wa gari likiwa limezimwa, likiwashwa na likiwa linanguruma, kwanza kijisanduku kikiwamo kisha kikiwa kimetolewa. Namba zilikuwa zilezile. Nilisoma nusu ya juu nikaitia kwenye mtoto wa meza. Katika kikao cha wakufunzi nilisema kwamba gari lina dereva wake na maabara ina mkufunzi wake, kila mmoja ashike lake. Watu walicheka. Mwisho wa muhula aliomba uhamisho, nami nikautia saini siku hiyohiyo.

Miaka baadaye, katika kusoma kwangu kwa uzeeni, nilikutana na kisa cha Marekani kilichonifanya niweke kitabu chini. Mwishoni mwa miaka ya 1940 mtu mmoja wa Oakland, California, jina lake Jess Ritchie, alianza kuuza unga wa kutia katika betri za magari, akiuita AD-X2. Alidai huzipa betri chakavu uhai mpya. Unga ule ulikuwa hasa salfeti ya sodiamu na salfeti ya magnesi, yaani chumvi za aina ambayo watu wamezinywa tangu zamani kulainisha tumbo. Ofisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani ilikuwa imekwisha kusema tangu zamani kwamba dawa za namna hiyo hazisaidii betri, na ikaupima unga huu pia. Mwezi Juni 1952 ilifanya jaribio Ritchie mwenyewe akiwapo: betri nyingine zikatiwa unga, nyingine zikaachwa, kisha zote zikalinganishwa. Hapakuonekana faida yoyote.

Lakini Ritchie alikuwa na barua za wateja walioridhika, nyingi sana, na marafiki katika Bunge la Senati. Serikali mpya ya Rais Eisenhower ilipoingia mwaka 1953, Waziri wa Biashara, Sinclair Weeks, aliona kwamba ofisi ile inamwonea mfanyabiashara mdogo. Kwa maoni yake, kama wanunuzi wameipenda bidhaa, soko limekwisha kutoa hukumu. Mwisho wa mwezi Machi mkurugenzi wa Viwango, Allen Astin, akalazimishwa kujiuzulu.

Hapo wanasayansi wa nchi nzima walichachamaa. Waliona kwamba kama kipimo cha maabara kinaweza kufutwa kwa sababu kimemchukiza muuzaji, basi hakuna kipimo kitakachosalimika. Mwezi Aprili Waziri akamruhusu Astin abaki kwa muda, na mwezi Agosti akamthibitisha tena. Kamati ya Akademia ya Taifa ya Sayansi ilipotoa taarifa yake mwaka huohuo, ilisema kazi ya Ofisi ya Viwango ilikuwa safi na unga hauna manufaa. Astin aliongoza ofisi ile hadi 1969. Si kwamba Ritchie alikomeshwa, la hasha. Mwaka 1956 Tume ya Biashara ya Shirikisho iliyatupa mashtaka dhidi yake, naye aliendelea kuuza.

Wateja wale walioandika barua nawaelewa. Sidhani walikuwa waongo. Mtu anayefungua betri yake atie unga ataona kwamba maji yamepungua na kuyaongeza. Atapangusa taminali zenye ukungu mweupe, ataikaza vizuri, pengine ataipeleka kuchajiwa. Betri ikiamka atausifu unga. Kwa stabilaiza ni vilevile. Fundi anayeifunga hulegeza taminali, huzisugua na kuzirudisha. Seti nyingine huja na nyaya nene za kuongeza ethi, yaani za kuunganisha injini na bodi na upande hasi wa betri, na katika gari lililoliwa na kutu waya mpya wa ethi ni msaada wa kweli. Tena katika magari yenye kompyuta, kuchomoa betri huifanya kompyuta isahau ilichojifunza, na kwa siku chache dereva huhisi gari limebadilika. Yote hayo kijisanduku hukusanya sifa zake.

Nasema kuhusu ethi kwa sababu.

Usiku mmoja wa masika mwaka uliofuata, mwanachuo wa kike wa mwaka wa kwanza alishikwa na maumivu makali ya tumbo. Matroni alinigongea saa saba. Tulimlaza katika kiti cha nyuma cha Hilux, dereva akazungusha ufunguo, ikasikika "ka!" mara moja, kisha kimya. Akajaribu tena, "ka!" Kitaa cha buluu kilikuwa kinang'aa vizuri kikionyesha 12.4. Nilikitazama kile kitaa nikasema betri ni nzima, kama kwamba jambo hilo lingemfikisha mtoto hospitali. Tulisukuma gari kwenye tope, wanachuo kumi na wawili na mimi na kanzu yangu ya kulalia, likakataa. Lori la mahindi lilipita baada ya saa moja na nusu. Alipasuliwa alfajiri kwa kidole tumbo kilichokwisha kupasuka, akalazwa majuma matano, akapona. Daktari aliniuliza mbona tumechelewa. Nikamwambia gari liligoma.

Asubuhi fundi alivua mpira uliofunika waya wa ethi, ule mnene utokao kwenye betri kwenda kwenye injini. Ndani ulikuwa unga wa kijani, umeshikiliwa na nyuzi chache. Kitaa kilipima betri kwenye taminali zake na kusema kweli. Umeme ulikuwapo, njia ndiyo haikuwapo.

Niliporudi ofisini nilifungua mtoto wa meza nikasoma nusu ya chini ya karatasi. Mkufunzi alikuwa amepima pia kati ya upande hasi wa betri na bloku ya injini wakati stata inazunguka. Aliandika kwamba volti 1.9 zinapotea hapo, kwamba haifai kuzidi 0.5, na kwamba waya huo ubadilishwe mapema. Bei aliyoikadiria ilikuwa shilingi 6,000.

Nilimwandikia barua kwenye kituo chake kipya, nikieleza yote bila kujipunguzia. Jibu lilikuja baada ya mwezi, mistari minne. Alimpa pole mwanachuo, akanisalimia nyumbani kwangu, kisha akauliza kama fundi ameweka waya wenye unene uleule wa zamani, kwa kuwa madukani walikuwa wakiuza myembamba.