Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki na Suala la Lugha, 1963–1970

Historia ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kwa kawaida husimuliwa kwa majengo na vitivo. Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi na kuambatanishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, huhesabiwa kuwa mama. Nairobi, ambako Chuo cha Ufundi cha Kifalme kilifungua milango mwaka 1956, humfuata. Dar es Salaam ndiye kitinda mimba: chuo chake kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika 15, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Masimulizi hayo ni ya kweli. Hata hivyo, hayagusi swali ambalo mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kulikabili, nalo ni nafasi ambayo lugha hiyo ilipewa na chuo kikuu kilichoundwa kwa ajili ya eneo zima la Afrika Mashariki.

Chuo hicho kilizinduliwa tarehe 28 Juni 1963, Julius Nyerere akiwa Mkuu wake. Fani zenye gharama kubwa ziligawanywa: utabibu na kilimo Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Shahada sasa zilitolewa kwa jina la Afrika Mashariki, lakini lugha ya kufundishia na kutahini ilibaki Kiingereza, wala jambo hilo halikuzusha mjadala mkubwa wakati huo. Hapa pana kinaya kisichopaswa kupuuzwa. Mwaka huohuo wa 1963, Mkuu wa Chuo alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar. Aliyethibitisha kwa kalamu yake kwamba Kiswahili kinaweza kubeba usemi wa Brutus na Antonius ndiye aliyekuwa akiongoza chuo ambacho mihadhara yake yote mikuu ilitolewa kwa lugha ya Brutus wa Uingereza.

Kiswahili kiliingia chuoni kwa mlango wa utafiti. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja ilikuwa imehamahama kwa miaka mingi: kutoka Dar es Salaam ilikwenda Nairobi mwaka 1942, kisha Makerere mwaka 1952, katikati ya Buganda ambako Kiswahili hakikuwahi kupendwa sana, na baadaye Mombasa mwaka 1962. Ilipofika mwaka 1964 iligeuzwa kuwa taasisi ya utafiti ndani ya Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam, ndiyo iliyokuja kujulikana kama TUKI. Kwa mara ya kwanza kazi ya kamusi na istilahi ilipata makao ya kitaaluma yenye maktaba na wachunguzi wa kudumu, badala ya kutegemea katibu mmoja na wajumbe waliokutana mara chache.

Kitivo cha Sheria nacho kilijikuta katika kazi ya lugha bila ya kukusudia. Mahakama za mwanzo ziliendesha mashauri kwa Kiswahili, ilhali wahitimu walisomeshwa sheria kwa Kiingereza. Mkuu wa kwanza wa kitivo hicho, A. B. Weston, alihimiza ukusanyaji wa istilahi, na mwaka 1968 chuo kikachapisha kitabu cha istilahi za sheria kwa Kiswahili. Ni haki kusema kwamba kazi hiyo haijapewa heshima inayostahili katika historia ya leksikografia yetu, labda kwa sababu ilifanywa na wanasheria.

Wakati huohuo muungano wa vyuo ulikuwa ukilegea. Kila serikali ilitaka madaktari na wahandisi wake yenyewe: Nairobi ikaanzisha mafunzo ya udaktari mwaka 1967, na Dar es Salaam ikapata kitivo cha utabibu mwaka 1968 na cha kilimo, Morogoro, mwaka 1969. Siasa nazo zilitofautiana. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi karibu 400 walifukuzwa Tanzania baada ya kuandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwezi Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, mkutano ulifanywa Mlimani kujadili wajibu wa chuo katika nchi ya kijamaa. Wanafunzi wa mrengo wa kushoto wakaanzisha jarida lililoitwa Cheche, jina la Kiswahili juu ya makala yaliyoandikwa zaidi kwa Kiingereza. Nairobi nako, mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o na wenzake walidai Idara ya Kiingereza ivunjwe. Hoja yao nayo iliandikwa kwa Kiingereza.

Katikati ya mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa, kila nchi ikachukua chuo kilichosimama katika ardhi yake. Mwaka huo Idara ya Kiswahili ilianzishwa Dar es Salaam, ikafundisha isimu na fasihi kwa Kiswahili chenyewe. Tume ya Rais ya Elimu ilipopendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kifundishie sekondari na hatimaye vyuo vikuu, serikali haikukubali. Mwaka 2009 TUKI na Idara ziliunganishwa kuwa TATAKI, na katika vitivo vilivyo jirani nayo Mlimani mihadhara iliendelea kutolewa kwa Kiingereza.