Vumbi Linapowaka: Kutoka Bhopal Hadi Nchi ya Chai

Saa moja na robo jioni, tarehe 7 Februari 2008, kiwanda cha Imperial Sugar kilichoko Port Wentworth, karibu na Savannah katika jimbo la Georgia nchini Marekani, kililipuka. Hapakuwa na bomu, wala lori la petroli, wala mtungi wa gesi. Kilichowaka ni vumbi la sukari, sukari hii hii tunayotia kwenye chai. Watu 14 walikufa na 36 wakajeruhiwa. Wanane walifia pale pale, na sita wakafariki baadaye hospitalini kwa majeraha ya moto.

Mwaka uliofuata, bodi ya serikali ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali, CSB, ilitoa filamu fupi kuhusu mkasa huo, Inferno: Dust Explosion at Imperial Sugar. Sehemu kubwa ya maelezo yake imechorwa kwa katuni, lakini si ya kuchekesha watoto. Kiwanda kimechorwa upya kama kilivyokuwa, na kila hatua ya maafa inapita mbele ya macho yako kwa mpangilio wake. Yeyote anayefanya kazi katika kiwanda cha majani chai, kuanzia Litein hadi Mogogosiek huku kwetu Kenya, ingefaa aitazame.

Chini ya maghala matatu marefu ya sukari kulikuwa na njia nyembamba, na ndani yake mkanda wa chuma uliosafirisha sukari. Kwa miaka mingi mkanda huo ulikuwa wazi. Mwaka 2007 ukafunikwa kwa mabati ili takataka zisidondokee kwenye sukari. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini vumbi lililokuwa likitawanyika katika njia nzima sasa lilifungiwa ndani ya kifuniko, na haukuwekwa mtambo wa kulivuta nje. Wachunguzi walihitimisha kwamba huenda beringi moja ilipata joto kupita kiasi, na vumbi likashika moto.

Mlipuko huo wa kwanza haukuwa ndio ulioangamiza jengo. Ulitikisa sakafu na kuta, na mtikiso ukaangusha vumbi lililokuwa limelala juu ya boriti, mabomba, taa na mashine kwa muda mrefu. Vumbi lililolala halilipuki. Likitimka hewani ndani ya chumba kilichofungwa na kukutana na moto, ni jambo jingine. Moto ukakimbia kutoka chumba hadi chumba na ghorofa hadi ghorofa katika jengo la kufungashia, kila mlipuko ukitimua vumbi la mlipuko unaofuata. Sakafu za zege zikainuka. Taa zikazimika, na wafanyakazi ambao hawakuwa wamefanyishwa mazoezi ya kutoka wakabaki wakipapasa gizani.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba hatari hiyo haikuwa ngeni. Wachunguzi walikuta barua za ndani za mwaka 1967 ambamo mameneja walionyesha wasiwasi kuhusu mlipuko wa vumbi unaoweza kusafiri kutoka sehemu moja ya kiwanda hadi nyingine. Miaka 41 ilipita. Mishahara ililipwa, sukari ikauzwa, na wafanyakazi wakaendelea kupuliza vumbi kwenye mashine kwa hewa ya kompresa, jambo linalolirudisha juu kwenye boriti.

Sasa ingia kwenye kiwanda cha chai huku kwetu. Majani mabichi yananyaushwa, yanapitishwa kwenye mashine ya CTC inayoyakatakata, yanaachwa yageuke rangi, kisha yanaingia kwenye kikausho kinachopata joto kutoka kwenye boila la kuni. Yakitoka huko yamebaki na unyevu wa asilimia 3 hivi. Baada ya hapo ni chumba cha kuchambulia, ambako chai kavu inachekechwa na kugawanywa katika madaraja: BP1, PF1, PD, D1. Chumba hicho kina harufu tamu, na hewa yake ina rangi ya kahawia. Pitisha kidole juu ya kisanduku cha swichi uone kitakachobaki kwenye ncha yake. Manyoya mepesi ya chai hushika nyavu za dirisha, hukaa juu ya taa na kujilundika kwenye boriti ambazo ufagio haufiki. Ukimaliza zamu ukapiga chafya, utajua ulikuwa wapi.

Sisemi kwamba viwanda vya Kericho na Bomet viko ukingoni mwa mlipuko. Kila vumbi lina tabia yake, na mengi hutegemea wingi wake, ukavu wake na jinsi chumba kilivyojengwa. Hata hivyo chai imo katika orodha za wataalamu za vumbi linaloweza kulipuka, pamoja na sukari, unga wa ngano, mbao na maziwa ya unga. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 nayo inalitaja vumbi la aina hiyo, ikifuata nyayo za sheria za viwanda tulizorithi kutoka kwa Waingereza. Sheria hiyo hiyo inataka mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Kwa hiyo kanuni tunazo. Tulichokosa ni hadithi inayomfanya mfagiaji wa zamu ya usiku aone kwamba ufagio wake ni kazi ya kuokoa maisha.

Filamu kama ile ya Imperial Sugar zilitoka wapi? Chanzo chake kinarudi nyuma hadi usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984, katika mji wa Bhopal nchini India. Kiwanda cha dawa ya kuua wadudu cha Union Carbide India kilikuwa na tangi lililoitwa E610, lenye takriban tani 40 za kemikali iitwayo methili isosayaneti. Maji yakaingia ndani ya tangi. Kemikali ikachemka, shinikizo likapanda, na gesi ikatoka juu ya mitaa ya watu maskini waliokuwa wamelala.

Vizuizi vya kuzuia balaa kama hilo vilikuwepo, lakini kila kimoja kilikuwa na kasoro. Mtambo wa kupoza tangi ulikuwa umezimwa miezi kadhaa kabla. Mnara wa kuchomea gesi ulikuwa umekatwa kwa sababu kipande cha bomba kilisubiri kubadilishwa. Mtambo wa kusafisha gesi haukuwa tayari kupokea wingi ule, na maji ya mipira hayakufika kwenye kimo ambako gesi ilikuwa ikitokea. Mwandishi wa habari wa mji huo, Rajkumar Keswani, alikuwa ameonya tangu 1982. Serikali ya jimbo la Madhya Pradesh ilithibitisha vifo 3,787. Makadirio mengine yanapita 15,000 ukihesabu waliokufa miaka iliyofuata, na zaidi ya watu nusu milioni walivuta gesi hiyo. Fidia iliyokubaliwa mwaka 1989 ilikuwa dola milioni 470, ilhali serikali ya India ilikuwa imedai dola bilioni 3.3.

Jina la Union Carbide halikuwa geni huku kwetu. Mwaka 1967 kampuni hiyo ilianzisha kiwanda cha betri mjini Nakuru, na betri za Eveready zikaingia katika kila duka la mabati kutoka Londiani hadi Sotik. Ndizo zilizowasha tochi ya kwenda kukamua ng'ombe alfajiri na redio ya taarifa ya habari jioni. Baada ya Bhopal kampuni mama ilibanwa, na mwaka 1986 ikauza biashara yake ya betri. Kiwanda cha Nakuru kilibadilisha wenyewe, kikaendelea hadi kilipoacha kutengeneza betri mwaka 2014. Huko India, hisa za Union Carbide katika kampuni ya Bhopal zilinunuliwa mwaka 1994 na McLeod Russel, kampuni ya chai yenye mizizi Assam. Baadaye McLeod Russel hiyo hiyo ikaja Afrika Mashariki, ikanunua mashamba ya chai ya James Finlay nchini Uganda, Finlay hao hao ambao Kericho tunawajua tangu miaka ya 1920. Anayedhani Bhopal ni habari ya mbali, afuate mkondo huo.

Marekani yenyewe ilishtuka, kwa kuwa Union Carbide ilikuwa na kiwanda kingine chenye kemikali ile ile mahali paitwapo Institute, jimbo la West Virginia. Agosti 1985, miezi minane tu baada ya Bhopal, gesi nyingine ilivuja hapo na watu zaidi ya 100 wakapelekwa hospitalini. Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilirekebisha sheria ya hewa safi na kuunda bodi huru ya uchunguzi, ndiyo hiyo CSB, iliyoanza kazi Januari 1998. Haitozi faini wala haimfungi mtu. Inachunguza, inaeleza, inapendekeza.

Na katika kueleza ndipo ilipopata njia yake. Ripoti ya kurasa 200 husomwa na mhandisi na wakili, lakini filamu ya dakika 20 hueleweka na fundi bomba. Bodi ikaanza kuchora ajali zake: kiwanda cha kusafishia mafuta cha BP mjini Texas City, ambako watu 15 walikufa Machi 2005 ndani na kando ya ofisi za muda zilizowekwa karibu mno na mtambo, kisha sukari ya Port Wentworth, kisha kile kiwanda cha Institute, ambacho wakati huo kilikuwa mikononi mwa Bayer CropScience. Agosti 2008 chombo kimoja kililipuka hapo na kuua wafanyakazi wawili. Hatua chache tu kutoka hapo palikuwa na tangi la methili isosayaneti. Filamu ya mwaka 2011, Fire in the Valley, inaonyesha jinsi vyuma vilivyorushwa vingeweza kulifikia. Mwaka huo huo Bayer iliachana na kemikali hiyo hapo Institute.

Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipendekeza bodi hiyo ifutwe. Naliona pendekezo hilo kuwa baya, na nasema hivyo nikiwafikiria watu wa mbali na Washington. Filamu zake ziko YouTube bila malipo, na asiye na bodi kama hiyo nchini kwake hujifunzia humo.

Sisi ni kati ya hao. Tazama barabara yetu wenyewe. Anayetoka Kericho kwenda Nairobi kupitia Mau Summit hupita Sachangwan, ambako tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka na watu wakakimbilia na mitungi. Moto uliua zaidi ya watu 100. Julai 2010 ikawa Sange, mashariki mwa Kongo, zaidi ya 230. Agosti 2019 Msamvu, Morogoro, tena zaidi ya 100. Julai 2021 Siaya, angalau 13. Kila mara magazeti yetu, nami ni mmoja wa wanaoyaandikia, yalihesabu maiti, yakapiga picha ya vyuma vilivyoungua, yakalaumu umaskini au tamaa, kisha yakafungua ukurasa mwingine. Ni nani aliyemweleza mwananchi kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwamba hutambaa chini na kukaa mtaroni, na kwamba aliye mbali na lori anaweza kuwa tayari amesimama ndani yake?

Mombasa nako kuna mtaa wa Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu za magari kilianza kazi mwaka 2007 kando ya nyumba za watu na kumwaga sumu ya risasi hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa amefanya kazi humo, aligundua kwamba mtoto wake aliyekuwa akinyonya ana risasi kwenye damu. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwezi Julai 2020. Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023. Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Kesi hiyo imeacha maelfu ya kurasa. Laiti sehemu yake ingechorwa: moshi unatoka wapi, unatua juu ya bati lipi, mvua inaushusha kwenye kisima kipi, na unafikaje kwenye ziwa la mama.

Kazi hiyo si ngumu kupita uwezo wetu. Kericho ina Chuo Kikuu cha Kabianga na Taasisi ya Utafiti wa Chai. Nairobi ina vijana wanaochora katuni za matangazo ya benki na sabuni kwa ustadi mkubwa. Maofisa wa usalama kazini wana mafaili ya ajali, na boila, mikanda, mashine za CTC na magari ya kubebea majani yana visa vyake. Kitakachohitajika ni ruhusa ya kueleza ukweli bila kutafuta kwanza wa kufungwa, na bajeti isiyozidi sana ile ya tangazo la msimu.

Mimi ningeanza na filamu mbili. Ya kwanza iwe Sachangwan, kwa Kiswahili na kwa Kipsigis, ionyeshwe kwenye vituo vya kununulia majani chai wakati wakulima wanaposubiri lori la kupima. Ya pili iwe chumba cha kuchambulia, ikianzia juu ya boriti mahali ambapo ufagio haufiki, na ionyeshwe kwa kila mfanyakazi mpya kabla hajakabidhiwa ovaroli.